Daftari, simu, madesa au kadi: mwanafunzi wa uuguzi ashike lipi?

Nilikuwa mwaka wa pili wa stashahada, wodi ya wanawake. Sista wa zamu akanikabidhi dripu ya lita moja na kuniambia, "Hii iende kwa muda wa saa nane. Unaweka matone mangapi kwa dakika?" Kanuni yake nilikuwa nimeiandika wiki mbili kabla, nikaizungushia boksi jekundu na kuipigia mstari wa bluu. Ukurasa ulipendeza. Lakini daftari lilikuwa hosteli, na mimi nimesimama pembeni ya kitanda cha mama wa watu, kidole kikiwa kwenye kigurudumu cha mpira wa dripu, sina namba. Sista alisubiri kidogo, akaweka mwenyewe, matone 42, akaenda kwa mgonjwa mwingine bila kunisema. Afadhali angenisema.

Leo mimi ndiye ninayepokea wanafunzi wodini hapa Mwanza, na kila kundi jipya linakuja na swali lile lile. Mmoja anauliza kama ajinyime anunue kompyuta. Mwingine anaona wenzake wanapiga slaidi picha huku yeye akiandika mpaka vidole vinakufa ganzi, anahisi ameachwa. Mwingine amerithi madesa (nakala za masomo) ya kaka yake aliyemaliza miaka kadhaa iliyopita, anaona hana haja ya kuandika chochote. Wote nawaambia kitu kimoja: chukua kipindi cha juzi, funga kila ulichoandika, kisha nieleze. Njia iliyokuwezesha kunieleza ndiyo ya kushika. Lakini kuzijaribu zote kunamaliza muhula, kwa hiyo naziweka hapa kando kwa kando, na nitazipima kwa somo moja ili zisionewe.

Somo ni magneziamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Kila muuguzi na kila mkunga atakutana nalo, na halisamehe. Darasani mkufunzi anasema hivi: dozi ya kuanzia ni gramu 4 kwenye mshipa, polepole, ikifuatiwa na gramu 10 kwenye msuli, 5 kila tako. Baada ya hapo gramu 5 kila saa 4, ukibadilisha tako, mpaka zipite saa 24 tangu mama ajifungue au tangu degedege la mwisho, lile lililochelewa zaidi ndilo linalohesabiwa. Kabla ya kila dozi inayofuata unaangalia mambo matatu: anapumua si chini ya mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, sindano inasubiri na daktari anaitwa. Pumzi ikisimama, unamsaidia kupumua na anapewa kalsiamu glukoneti gramu 1, polepole, kwenye mshipa. Yote hayo yanamalizwa ndani ya dakika kumi, na mkufunzi ameshafungua slaidi nyingine. (Ukiwa leba, fuata mwongozo uliobandikwa ukutani pale, si makala hii.)

Sasa tuone nani anabaki na nini.

Kunakili kila neno

Hii ndiyo njia tuliyotoka nayo sekondari: mwalimu anasema, mwanafunzi anaandika. Ina heshima yake. Kaunta buku haliishiwi chaji, halihitaji bando, na umeme ukikatika Nyakato nzima bado unasoma kwa tochi. Anayenakili pia hasinzii.

Shida ni kasi. Mtu anayeongea kawaida hutoa maneno zaidi ya 100 kwa dakika, na mkono haufikishi hata nusu yake. Basi unaanza kukimbizana, na anayekimbizana na maneno hana nafasi ya kuyasikiliza. Kwenye somo letu, mwanafunzi huyu anatoka na namba zote: 4, 10, 5, 16, 30. Anachokosa ni sentensi ambayo mara nyingi haipo kwenye slaidi, mkufunzi huisema tu huku amegeukia dirishani: dawa ikizidi mwilini, goti huacha kuruka kwanza, pumzi hufuata baadaye. Kwa hiyo kugonga goti ni onyo la mapema. Mwenye sentensi hiyo hawezi kusahau kwa nini anatafuta nyundo kabla ya kuvuta dawa. Mwenye namba peke yake atazichanganya siku ya mtihani, na Mungu amsaidie asizichanganye usiku wa zamu.

Mimi nilikuwa mnakili hodari. Ndiyo maana nilisimama na ile dripu.

Simu na kompyuta

Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, walitoa utafiti uliosambaa sana: wanafunzi walioandika kwa kompyuta waliandika maneno mengi zaidi, sehemu kubwa yakiwa ya mhadhiri neno kwa neno, na kwenye maswali ya kuelewa wakapitwa na walioandika kwa mkono. Watu wakatangaza kuwa kalamu imeshinda. Lakini utafiti huo uliporudiwa na watu wengine, 2019 na 2021, tofauti ile haikuonekana wazi namna ile. Ninavyosoma mimi matokeo hayo, kalamu haina uganga. Inakulazimisha uchague cha kuandika kwa sababu ni ya polepole, na kule kuchagua ndiko kusoma kwenyewe. Mwenye kompyuta akichagua maneno yake, atafaidi. Mwenye kalamu akinakili slaidi zote, kalamu haitamwokoa.

Kwa hiyo kompyuta si adui. Inatafutika: ukiandika "magneziamu" inakuletea kila mahali ulipoitaja kwa miaka mitatu, jambo ambalo kaunta buku sita haziwezi. Inarekebishika bila kufutafuta. Kama ulishajua kuchapa haraka na unayo, itumie. Kama huna, usijinyime ugali kwa ajili yake, maana hakuna kipindi cha stashahada nilichoona kinashindikana bila kompyuta.

Picha za slaidi ni jambo lingine. Picha inachukua sekunde moja, na kwa hiyo sekunde moja mwanafunzi anajisikia ameshasoma. Fungua simu yake baada ya mwezi: magneziamu salfeti imelala katikati ya picha za harusi ya binamu na machweo ya Jiwe la Bismarck. Hajaifungua tena. Picha inafaa kwa mchoro mgumu tu, kama mzunguko wa damu wa mtoto aliye tumboni au patografu (chati ya maendeleo ya uchungu) iliyojazwa, na inafaa kwa sharti kwamba jioni ile ile utauchora mwenyewe ukiiangalia, kisha uchore tena bila kuiangalia.

Kurekodi sauti sikushauri. Kipindi cha saa moja kinataka saa nyingine nzima kusikiliza, na hiyo saa huna. Ukilazimika, omba ruhusa ya mkufunzi kwanza.

Na wodini, mdogo wangu, simu ibaki mfukoni. Usipige picha faili, chati, kidonda wala mgonjwa, hata kama ni "kwa ajili ya kujifunza tu". Maadili ya kazi yetu yalikataza tangu zamani, na tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mgonjwa amekuvulia nguo kwa sababu amekuamini.

Madesa

Sitayadharau. Wengi wetu tusingemaliza bila madesa ya waliotutangulia, na kwa mtoto wa mkulima aliyetoka Kwimba na nauli ya kwenda tu, nakala za stesheneri ndiyo maktaba yake. Desa zuri limepangwa, limefupishwa, na lina maswali yanayopenda kurudi kwenye mitihani.

Lakini desa lina umri, na tiba haikai mahali pamoja. Mfano tunaokutana nao kila wiki huku Kanda ya Ziwa ni malaria kali. Kwa miaka, sindano ya atesuneti iliandikwa miligramu 2.4 kwa kila kilo, mkubwa kwa mdogo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likapandisha dozi ya watoto wa chini ya kilo 20 kuwa miligramu 3 kwa kilo. Mtoto wa kilo 10 alipaswa kupata 30. Anayesoma desa la zamani anamhesabia 24. Desa hilo linapita mkono kwa mkono, limetolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi zimefifia, na hakuna mahali limeandikwa mwaka. Hali ni hiyo hiyo kwa mahudhurio ya kliniki ya wajawazito: madesa mengi bado yanasema mara 4, wakati pendekezo la shirika hilo tangu 2016 ni mara 8.

Kwenye somo letu la kifafa cha mimba, mwenye desa anaweza kuwa na kila kitu kwenye karatasi, hata ile sentensi ya goti, kama aliyeliandika alikuwa msikivu. Ila kazi ya kuchagua alishaifanya mtu mwingine, na faida ya kuchagua ilibaki kwake. Ukiwa na desa, lifanye kuwa chanzo cha maswali. Funika majibu kwa karatasi, jijibu kwa sauti, funua. Kila dozi utakayoikuta humo, ihakikishe kwenye mwongozo wa sasa na uandike pembeni tarehe uliyoihakikisha.

Ukurasa wa sehemu tatu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopona.

Njia hii ilianzishwa miaka ya 1950 na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na haihitaji kitu zaidi ya rula. Piga mstari wima ukurasani, kushoto ubaki upana wa kama theluthi moja. Chini acha nafasi ya vidole vitatu. Darasani unaandika upande wa kulia peke yake, kwa mkato, kwa maneno yako, ukiruka mistari. Kushoto na chini kunabaki kweupe, na ule weupe ndiyo kazi yako ya jioni.

Jioni unarudi na kuandika kushoto maswali ambayo upande wa kulia unayajibu. Kwa magneziamu salfeti, yangu yalikuwa hivi:

Naanza na ngapi, napitisha wapi?
Kabla ya dozi inayofuata naangalia nini?
Kwa nini goti kwanza?
Mkojo umekuwa mililita 80 kwa saa nne. Nachoma au sichomi?
Pumzi zimefika 10. Nafanya nini sekunde hii?

Angalia swali la nne. Halikuwepo darasani. Lilizaliwa nilipolazimika kugeuza "mililita 30 kwa saa" kuwa mfuko wa mkojo ninaoushika mkononi: saa nne zinataka 120, mimi nina 80, sichomi, naita daktari. Yule anayenakili hafiki hapa kwa sababu hakuna kitu kinachomwomba afike. Nafasi nyeupe ya kushoto inakuomba.

Chini ya ukurasa unaandika mistari miwili mitatu, kana kwamba unamkabidhi mwenzako zamu. Kisha unafunika upande wa kulia kwa kiganja au kwa kitabu na kujijibu maswali ya kushoto. Kurasa nne za siku moja huchukua kama dakika 20.

Kwa nini jioni ile ile? Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, ndani ya saa na siku za kwanza, baadaye kasi inapungua. Ukingoja Jumamosi, upande wa kulia utakuwa umeshakuwa mwandiko wa mtu mwingine. Utaona umeandika "goti!!" na hutakumbuka goti la nani.

Udhaifu wake upo. Jioni ya mwanafunzi wa uuguzi aliyetoka zamu iliyodumu saa kumi na mbili si jioni ya kupanga maswali. Na wapo wanaochora mistari mizuri kwa rula kaunta buku zima, wasiandike swali hata moja kushoto. Kwao ni kunakili kwa ukurasa mwembamba zaidi.

Michoro ya matawi

Yaani lile jambo la kuandika neno moja katikati ya karatasi na kutoa matawi, ambalo Mwingereza Tony Buzan alilieneza tangu miaka ya 1970. Kwa magneziamu salfeti sikuona faida yake, kwa sababu lile somo linataka mfuatano na namba. Kwa selimundu inafaa mno: chembe moja ya damu iliyojikunja inatoa tawi la maumivu ya mifupa, la upungufu wa damu, la maambukizi, la kiharusi kwa mtoto, na kila tawi lina kazi ya muuguzi mwishoni. Ugonjwa huu umejaa huku kwetu, na mwenye mchoro kichwani huona haraka kwa nini mtoto mmoja ana shida tano. Chora mmoja mmoja kwa magonjwa ya namna hiyo. Usigeuze kila kipindi kuwa mti.

Kadi

Nunua karatasi ya manila, ikate vipande vya ukubwa wa kiganja. Mbele swali, nyuma jibu. Boksi la viatu litatosha kuzihifadhi.

Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner alieleza namna ya kuzipanga: kadi uliyoijibu inahamia chumba cha mbele na utaiona baada ya siku kadhaa, uliyoikosa inarudi chumba cha kwanza na utaiona kesho. Unatumia muda wako kwa usichokijua. Wenye simu wanaweza kutumia programu ya Anki, inayofanya kazi hiyo hiyo na kwenye Android haina malipo.

Kadi ndizo zilizonifundisha dripu. Mwanzoni niliandika kanuni: mililita mara matone ya seti (matone ambayo mpira wa dripu hutoa kwa kila mililita), gawanya kwa dakika. Lita moja mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata 41.7, unaweka 42. Nikaijua, lakini polepole. Baada ya kujibu kadi kama ishirini za namna hiyo nikaanza kuona kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia: kwa seti ya matone 20, unagawanya tu mililita za saa moja kwa 3. Mililita 125 kwa saa, gawanya kwa 3, karibu 42. Na kwa seti ya watoto ya matone 60, mililita za saa moja ndiyo matone ya dakika moja, huhesabu kitu. Nikarudi nyuma kuuliza kwa nini, nikakuta ni 20 kugawanya kwa dakika 60. Sikusomewa hilo. Nililipata kwa kujiuliza swali lile lile mara nyingi nikiwa nimefunga jibu.

Uchunguzi wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa 2006 unaeleza kwa nini. Waliosoma kifungu tena na tena walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja, waliojijaribu kukumbuka wakawa mbele. Ukirudia kusoma usiku wa kuamkia testi, utafaulu testi na kuamini umepata njia. Wodi inakuuliza baada ya miezi.

Uzuri mwingine wa kadi unaujua aliyekaa foleni ya kivuko Kamanga, au aliyesimama kwenye daladala kutoka Buhongwa asubuhi: kadi kumi zinaisha kabla hujafika. Ubaya wake ni kwamba zinakata maarifa vipande vipande. Mwanafunzi mwenye kadi mia tatu anaweza kujibu kila moja na bado asijue aanze na nini mama anapoanza degedege mbele yake. Kadi zifuate ukurasa, zisiutangulie.

Lugha ya kushoto

Hili halikutoka kwa Pauk wala kwa Leitner, limetoka kwetu. Tunafundishwa kwa Kiingereza, mtihani ni kwa Kiingereza, na mgonjwa hajui Kiingereza. Mama wa Magu hatakwambia ana maumivu sehemu ya juu ya tumbo kwa jina la kitabuni. Atakwambia, "Sista, chembe inaniuma, macho yanaona ukungu." Kama daftari lako halina neno *chembe*, masikio yako yatalipita, na hiyo ilikuwa dalili ya hatari ya kifafa cha mimba.

Nashauri upande wa kulia uwe na istilahi ya Kiingereza kama mtihani unavyoitaka, na kushoto swali liwe la Kiswahili kama mgonjwa anavyolisema. Chembe. Kichomi. Degedege. Mkojo wa damu, ambao kwa watoto wanaooga kwenye madimbwi na malambo unakupeleka moja kwa moja kwenye kichocho. Ukisikia neno la Kisukuma au la Kikerewe wodini, liandike na uulize. Nimeona bibi aliyekaa kimya siku mbili akifunguka kwa sababu tu mwanafunzi alimsalimia *mwangaluka*.

Kwa kipimo hiki madesa na picha za slaidi ni maskini kabisa, maana vyote viwili vimeandikwa kwa ajili ya mtihani.

Kijidaftari cha wodini

Njia zote hizo ni za darasani. Wodini unahitaji kingine kabisa, na hapa sioni mshindani: kijidaftari kinachoingia mfuko wa sare bila kupambana na mkasi na saa. Kaunta buku wodini ni mzigo, utaliweka kitandani kwa mgonjwa, na kilichokaa kitandani kwa mgonjwa kinahamisha vijidudu mpaka hosteli.

Usiandike jina la mgonjwa, namba ya faili wala kitanda. "Mama, 24, uzazi wa kwanza, presha juu, mkojo una protini" inatosha kukukumbusha. Na usiandike mafunzo, huna muda. Andika ulichokiona, kisha mstari unaoanza na neno *sikuelewa*. "Sikuelewa kwa nini katheta kabla ya dozi." "Sikuelewa kwa nini daktari amesema tusubiri." Jioni kila *sikuelewa* inahamia upande wa kushoto wa kaunta buku kama swali, na unaitafutia jibu. Wodi inakupa swali, kitabu kinatoa jibu, na mambo hayo mawili yanakutana kwenye ukurasa mmoja.

Dozi ukiziandika humo, weka tarehe pembeni kama nilivyosema kwenye madesa, na bado usichome kwa kusoma kijidaftari. Soma karatasi ya dawa ya mgonjwa, thibitisha na muuguzi unayefanya naye kazi.

Nikilazimika kukuchagulia

Mwaka wa kwanza, miezi ya anatomia na fisiolojia, anza na ukurasa wa sehemu tatu. Usiongeze kitu kingine mpaka mkono uzoee, kama wiki sita hivi. Chora kwa mkono kila mchoro.

Masomo ya dawa na hesabu yakianza, ongeza kadi, kwa namba na madhara ya dawa tu. Kadi tano mpya kwa siku zinatosha. Anayeandika hamsini Jumapili hazirudii.

Ukianza wodi, nunua kijidaftari siku hiyo hiyo kabla hujapanda kilima cha Hospitali ya Bugando au kuingia geti la Hospitali ya Sekou Toure.

Kama unafanya kazi huku unasoma, au una mtoto mchanga nyumbani, na jioni yako si yako: acha ukurasa wa sehemu tatu, usijiumize. Sikiliza darasani, andika machache, na tengeneza kadi moja kwa moja kutoka kwenye desa ulilolihakiki. Utapoteza ule uunganishaji wa mambo, na utaurudisha kwenye diskasheni na wenzako, mkiulizana kwa zamu madaftari yakiwa yamefungwa. Diskasheni ambayo kila mtu amefungua daftari na mmoja anasoma kwa sauti, ondoka ukalale.

Kama unasoma vizuri kwa kompyuta na matokeo yako yanaonyesha hivyo, baki nayo, ila igawe skrini yako sehemu mbili, maswali kushoto.

Wiki iliyopita nilikuwa leba na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Tulikuwa na mama aliyekuwa akisubiri dozi yake ya magneziamu ya kila saa nne. Kabla sijafungua mdomo, binti alikuwa ameshahesabu pumzi kwa dakika nzima akitazama saa yake, ameangalia mfuko wa mkojo, na anatafuta nyundo. Nyundo haikuonekana. Akagonga goti kwa ukingo wa kiganja chake, mguu ukaruka, mama akacheka kidogo akisema, "Mwanangu, unanipiga?" Binti akamweleza kwa Kiswahili kwa nini anagonga. Kisha akanigeukia, akaniambia mililita, akaniambia pumzi, na kuniuliza kama tuvute dawa.